Kwa Nini Sikumfikia Gerald

Kiomboi, Iramba
12 Juni, 2025

Mpendwa Mama mdogo Luciana,

Shikamoo. Kabla ya yote, mwanao Gerald yu hai, anapumua mwenyewe, na leo asubuhi amekunywa uji. Wewe je, goti linakuruhusu kutembea? Na presha ya baba mdogo imetulia? Hapa nyumbani mama na wenzake ni wazima, wanapura alizeti.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu zangu hupokei, na sikulaumu. Nimesikia ulivyoambiwa, kwamba Gerald alianguka mbele ya macho yangu nami nikabaki natazama. Ni kweli sikumfikia. Naomba unisikilize hadi mwisho.

Unajua tunachimba kisima cha kutafuta mafuta huku bonde la Wembere, chini ya mlima Sekenke. Mimi ni mhandisi wa zamu, na Gerald anahudumia matangi ya tope linalotoka kisimani. Mara nyingine tope hilo hupanda na gesi ya sumu. Mwanzo inanuka kama yai viza. Ikizidi, pua haisikii tena kitu, na mtu huanguka kimya.

Jumatatu mchana king'ora kililia. Tukakimbilia upande unakotoka upepo, kama kwenye mazoezi. Nilipogeuka nikamwona Gerald amelala kifudifudi kando ya tangi. Palikuwa karibu, Mama mdogo. Sauti yangu ingemfikia bila kuipaza.

Nikatoka mbio. Chediel, msimamizi wa wachimbaji, mtu wa Nduguti aliyekaa miaka mingi kwenye visima vya gesi kule Mtwara, akanidaka kiunoni tukaanguka wote.

"Niache, ni mdogo wangu."

"Najua ni mdogo wako. Ukienda bila hewa, tutabeba wawili."

Nilimng'ata mkono. Akaniacha mikononi mwa wenzake, kisha yeye na mchimbaji wake Bonaventura wakavaa mitungi ya hewa. Hawakufanya haraka. Kila mmoja alikagua mikanda ya mwenzake na kuibana barakoa, mimi nikiwatukana matusi ambayo sitayaandika hapa. Ndipo wakaingia.

Walimtoa akiwa hapumui. Bonaventura akamkandamiza kifua, wakampa hewa safi, mimi nimeshika miguu yake ya baridi. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kukwambia wewe, ndipo akakohoa.

Kanuni ya kutokimbilia aliyeanguka naijua, Mama mdogo. Mimi mwenyewe humsomea kila mgeni anayefika kambini. Ila kichwa kiliijua, miguu haikuijua. Jana nilimwomba Chediel msamaha, nikamuuliza alipataje moyo wa kukaza mikanda wakati mtu anakufa.

"Si moyo," akasema. "Tulishakubaliana tangu Gerald anaanza kazi. Akianguka yeye, wewe unashikwa. Ukianguka wewe, yeye anashikwa. Mwenye uchungu haendi."

Walikuwa wamepanga bila kuniambia. Nilikasirika kidogo, kisha nikalia. Sasa tumekubaliana kila zamu ikianza tuseme wazi nani atamshika nani, na mimi nitajwe kama wengine.

Daktari wa hospitali ya hapa Kiomboi anasema mapafu yameumia lakini yanapona. Macho bado mekundu na anasahau vitu vidogo. Jana aliniuliza, "Dada, uliniona nikiwa chini?" Nikamjibu kwamba nilimwona. Akageukia ukutani. Sijui anawaza nini, na sijamuuliza.

Njoo umwone. Nitakupokea stendi ya Kiomboi. Ukitaka kukaa naye bila mimi, nitakuonyesha mlango wa wodi, kisha nitakusubiri nje hadi utakaponiita. Usiponiita, nitakusindikiza kwenye basi vilevile.

Nisalimie baba mdogo, Flora na watoto wake, na mzee Melkizedeki jirani yenu. Mungu aliyemrudishia Gerald pumzi akulinde njiani.

Mimi mwanao, nikupendaye hata ukiwa umenikasirikia,

Agripina