Kahawa Ulizonipa

Durban, Jumatatu ya Pasaka, 1998

Dada yangu mpenzi Coletha,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta goti lako limetulia na yule ng'ombe wako mkorofi ameacha kuvunja ua wa jirani. Mimi ni mzima, ila nimenenepa. Godson naye ni mzima, na kila siku ananiuliza habari za mama yake mkubwa.

Usishangae kwamba nakuandikia nikiwa nje ya mji. Flati ya Godson pale Albert Park iko ghorofa ya tisa, na lifti ilikufa kabla sijafika. Ngazi zile nilizipanda mara mbili. Mara ya tatu nikakaa chini nikamwambia anizike papo hapo. Ndipo akaazima gari la rafiki yake, tukapita Westville, tukaingia kwenye shamba kubwa la miwa la familia moja ya wazungu. Ndani ya shamba hilo, kando ya bwawa, kuna karavani chache chini ya miti: vijumba vya bati vyenye magurudumu, kitanda na jiko humo humo. Nilipoambiwa tutalala humo Pasaka yote, nilimvuta Godson kando nikamwuliza kwa upole kama amefukuzwa kazi. Alicheka mpaka akashika mlango. Dada, watu wenye nyumba nzuri wanaziacha, wanakuja kulipia kulala kwenye bati na kuoga bafu moja na wasiowajua. Lakini asubuhi nilifungua dirisha, nikasikia harufu ya majani mabichi kama ya kwetu, na sikulalamika tena.

Hatukuwa peke yetu. Alikuwepo binti wa Kikongo, Laurette, msusi katika saluni moja huko Albert Park. Godson alinitambulisha kwamba ni rafiki aliyekuja kusaidia kupika. Mimi si mtoto. Niliona jinsi anavyomtilia Godson sukari kwenye chai bila kumwuliza. Basi nikamnunia. Akipika nasema sina njaa, akinisalimu namjibu kwa pua. Nilikuwa na ujumbe wako kuhusu binti wa Mwalimu Athanase, na zile kahawa za kutafuna ulizozifunga kwenye jani la mgomba, ukaniagiza nimpe Godson siku atakayokubali kurudi kuoa nyumbani. Kila nikimtazama yule msichana niliona ananichukulia mwanangu wa pekee. Nilikuwa namwogopa, dada, wala si kitu kingine.

Jumamosi asubuhi wawili hao walikwenda kununua mkate. Nikaiona migomba nyuma ya karavani: mirefu, imesongamana, majani makavu yananing'inia hadi chini, na hakuna hata mkungu mmoja. Unanijua. Nilijisemea, watu hawa wana ardhi yote hii na hawajui kuhudumia mgomba. Nikachukua panga penye kuni, nikapogoa, nikang'oa machipukizi, nikaacha mashina matatu matatu kama mama alivyotufundisha. Kisha nikaketi kusubiri kushukuriwa.

Aliyekuja ni msimamizi wa shamba, mzee wa kizungu mwenye soksi ndefu, ameshika kichwa. Alifoka kwa Kiingereza, nami nikatabasamu nikidhani ananisifu. Godson alikuwa bado getini anaongea na mlinzi, lakini Laurette alikuwa ametangulia na mkate. Akaliona panga mkononi mwangu, akalichukua, akasimama mbele yangu na kuzungumza na yule mzee. Kelele zote zikahamia kwake. Halafu alishinda mchana kutwa akibeba majani kuyapeleka kwenye shimo la takataka, na Godson akadhani anasafisha tu. Nilimwacha abebe, nikawaza kwamba angalau ana mgongo imara.

Jioni msimamizi alimlalamikia Godson kwamba rafiki yake ameharibu miti. Godson akashangaa, maana Laurette alikuwa naye dukani, na ndipo yote yakajulikana. Kumbe ile si migomba. Ni mti wa huku huku, unafanana na mgomba ila hauzai ndizi maisha yake yote, na bibi wa mwenye shamba aliupanda kwa sababu ya uzuri tu. Laurette alikuwa amesema ni yeye aliyekata. Nikamwita nikamwuliza kwa nini. Akanijibu akiangalia chini: “Mama, ule muzee angekupigia makelele, na haungepata namna ya kumujibu. Miye nilishazoea.” Nilitamani ardhi inimeze.

Jana baada ya sala nilikwenda na Godson kwa msimamizi, nikakiri kwa Kihaya, mkono kifuani, Godson akatafsiri. Yule mzee alicheka akasema miti itaota tena. Tulipokuwa tunarudi, Godson aliniambia kwamba Laurette alipotezana na mama yake vita vilipoingia Bukavu, na mpaka leo hajui kama yu hai. Akasema anataka kumwoa, ila binti hataki kujibu mpaka mimi nimkubali, kwa kuwa hana mama mwingine wa kumwuliza.

Sasa dada, keti kwanza ndipo usome. Zile kahawa nimempa Laurette.

Nilimkalisha kwenye ngazi ya karavani, nikalifungua lile jani, nikampa kama tunavyompa mtu anayeingia nyumbani kwetu. Hakujua ni kitu gani. Alitafuna, uso ukamkunjamana kwa uchungu wake, machozi yakamlengalenga, lakini hakutema. Godson, ambaye alijua maana yake, aligeuka akatazama bwawa.

Najua nimekuweka pabaya. Tafadhali nenda kwa Mwalimu Athanase kabla hajasikia kwa wengine, umwambie kosa ni langu na binti yake hana doa. Ukitaka kunigombeza, ngoja nirudi. Mwanangu hatarudi kuishi nyumbani, na hilo linaniuma, sitakuficha. Ila Desemba watakuja wote wawili, wafunge ndoa kanisani kwetu.

Nisalimie shemeji Ladislaus na wote wanaoniulizia. Nakukumbatia kwa mapenzi yote. Na kahawa zimekwisha, limebaki jani tupu. Anika nyingine, dada. Hapa nimemkaribisha kwenye nyumba ya watu. Nyumbani nataka umkaribishe wewe.

Mimi mdogo wako,
Ernestina