Uvimbe Chini ya Sikio Lako

Papa Neema wangu,

Binti yetu Neema anaolewa mwezi ujao. Kabla ya harusi kuna jambo nataka ulijue, kwa maana linakuhusu.

Uvimbe wako ulianza wakati wa vita, chini ya sikio la kushoto, mdogo kama punje ya haragwe. Ulikuwa ukipanga vitambaa dukani, ukanishika mkono ukanigusisha hapo. "Mama Neema, iko kitu kidogo tu," ulisema. "Itaisha."

Haukuisha. Daktari aliukata, akatuambia ni kansa ya tezi ya mate, na kwamba matibabu ya mionzi hayapo Kisangani. Meli za Kinshasa zilikuwa zimesimama, ndege zilikuwa za wanajeshi. Uvimbe ukarudi. Upande mmoja wa uso wako ukalegea, nawe ukawa unakunywa uji huku ukijifuta mdomo, ukinitania kwamba umekuwa mtoto wangu wa pili. Mabomu yalipoanguka mjini tulijificha chini ya kitanda sisi watatu, Neema katikati. Ulituacha kabla bunduki hazijanyamaza.

Watu walisema umerogwa na wafanyabiashara wenzako. Wengine walisema ni damu ya ukoo wenu. Maneno hayo yaliingia nyumbani.

Wakwe walipokuja, mama wa kijana aliniuliza kwa upole: "Ile ugonjwa ya papa yake, haiko mu damu? Bajukuu betu batakuwa salama?"

Kabla sijajibu, Neema akagusa chini ya sikio lake, akasema, "Mama, hata miye naogopa. Tangu niko mutoto, kila asubui ninajipapasaka hapa."

Papa Neema, miaka yote hiyo sikujua.

Tulikwenda mimi, Neema na mama mkwe wake kwa daktari wa kansa. Alitueleza kwamba ndani ya kila chembe ya mwili mna nyuzi ndogo sana, kromosomu, zinazobeba maagizo. Katika kansa nyingi za tezi za mate, nyuzi mbili hukatika ndani ya chembe moja, vipande vikaungana mahali pasipo pake, na chembe hiyo ikawa inaongezeka bila kukoma.

"Kwa hiyo, inatokeaka mu ile tezi tu," alisema. "Papa hakuzaliwa nayo. Hawezi kuipatia mutoto."

Nikamuuliza kama ana hakika kuhusu yako. Alisema hapana, siku zile hapakuwa na mashine ya kuzisoma nyuzi hizo hapa. Lakini kwa kawaida huwa hivyo. Nikauliza kwa nini basi zinakatika.

"Mara nyingi hatujue, mama."

Njiani mama mkwe alimshika Neema mkono, wakaanza kuzungumzia rangi ya liputa, vile vitenge vya harusi. Mimi nilibaki nyuma kidogo, nikalia.

Nimekuomboleza muda mrefu kama mtu aliyeuawa, nikiwatazama majirani zako wa sokoni na kujiuliza ni nani kati yao. Sasa nawasalimu. Hakuna aliyekutupia kitu. Nawe hukumwachia binti yetu ugonjwa wowote. Ulimwachia pua yako pana na kile kicheko chako kirefu, na vitu hivyo ndivyo atakavyokwenda navyo kwa mumewe.

Pumzika, mpenzi wangu.

Mke wako,
Mama Neema