Gauni la Kusimamia

Jumatatu, 4 Machi
Eti kushona! Mwaka wa mwisho wa uhandisi, na chuo kinanipeleka kwenye cherehani. Lazima nimshonee nguo mtu ninayemjua, naye aivae siku ya maonyesho. Bila hivyo, hakuna kuhitimu. Mwalimu wa ushonaji anataka kwanza tushinde na huyo mtu, tumwangalie anavyoinama na kunyanyua vitu. Darasa zima lilicheka. Mimi ndiye niliyecheka kwa sauti.

Jumapili, 10 Machi
Nimemchagua mama. Nimempima mlangoni, wima, mikono ubavuni. Kamaliza kulalamikia goti lake, nikamwambia asitikisike. Mengine yote nimefanya kwenye kompyuta. Hakuna hata kipande cha kitambaa kitakachopotea — safi!

Alhamisi, 21 Machi
Gauni limekwisha. Mbele ya kioo limemkaa barabara, mama kazunguka kama bibi harusi. Mwalimu kaligeuza nje ndani, kauliza kama nilishinda naye. Nikasema ndiyo. Kwani nani atajua?

Jumamosi, 23 Machi
Aibu. Natamani ardhi ipasuke inimeze.

Viti vilikuwa tele ukumbini. Rafiki yangu, yule tunayemwita Nati, akamvutia mama kimoja. Mama akakataa, eti amechoka kukaa nyumbani. Hotuba ya kwanza, ya pili — yeye kasimama ukutani, anahamisha uzito mguu huu hadi ule. Na goti lile! Nikamfuata kwa hasira. Nikamwambia, mama, kaa, unaniaibisha.

Akaninong'oneza: "Nikikaa litachanika, mwanangu."

Kisha akawapungia watu kwa vidole tu. Mkono haupandi. Nimeshonea sanamu!

Mwalimu akaja kumwuliza anaionaje kazi yangu. Mama akasema tangu azaliwe hajavaa nguo nzuri hivi. Mwalimu akaniangalia mimi, si yeye. Nikanyamaza. Mdomo ninao, na nikanyamaza.

Jumapili, 24 Machi
Goti limevimba. Dada anamkanda kwa maji ya moto, hasemi nami. Mama anatania: mhandisi wake kamgeuza nguzo ya umeme. Nimelifumua gauni ubavuni nilipanue. Hakuna cha kupanua. Nilikata bila kuacha hata upana wa kidole kwenye mshono — ndiyo sifa niliyojipa!

Nati kanitumia ujumbe. Alama zimebandikwa. Mimi ni wa kwanza.

Nimesema nakwenda kwa mwalimu sasa hivi, nimweleze. Dada kainua kichwa kwa mara ya kwanza leo. Mama kaacha kucheka.

"Utamwambia nini? Kwamba mama yako mwongo?"

Nikasema hapana, mama, mwongo ni mimi.

"Lakini aliniuliza mimi. Na mimi nikamjibu."

Nimevaa kiatu kimoja. Kingine kiko mkononi. Dada ananiangalia, mama anaangalia ukuta.