Mzee wa Dresden na Yes Sir Zangu

Loise usinipigie, nimejifungia kwenye choo cha kazini. Hata silii. Nimekufa ganzi tu.

Amekuja mzee Mjerumani hapa ofisini tunapouza safari, kuulizia ya Dresden, kule kwao Ujerumani. Nikaanza wimbo wangu ule unaoujua: mji uliteketezwa kwa mabomu vitani, ukajengwa upya, kanisa lenye kuba, jumba la opera, makumbusho ya picha, vyote vimerudi kama zamani.

Akauliza, "Hata nyumba yetu, nyuma ya kanisa?"

Nikasema yes sir. Yes sir, Loise! Mimi ambaye Ujerumani sijaikanyaga. Lakini unajua Dubai hii mteja haambiwi sijui.

"Mlango wa kijani?" Yes sir.

"Na dirisha la jikoni, mama alipokuwa akisimama?" Aki nikasema yes sir, tena natabasamu.

Halafu akasema polepole, "Binti, pale siku hizi watu wanaegesha magari. Nimeenda nikaona. Nilitaka tu mtu aniambie bado ipo."

Akanishukuru. Loise, alinishukuru, akaenda zake.

Sasa bosi anagonga mlango, anauliza kama niko sawa.

Nimemjibu yes sir.