Kwa Baba Wanjiru, Aliyekataa Kutaja

Baba Wanjiru wangu,

Bado nakusikia ukikohoa katikati ya mistari ya kahawa. Nikigeuka, ni majani tu. Walikuzika huko kwenye kambi ya wafungwa, mahali ambapo hawakutuonyesha, lakini Ruiru hii hukuiacha. Nimechoka nawe, na nakupenda, na leo lazima tuzungumze.

Unakumbuka tulivyokuwa tukienda Thika kwa miguu kumsikiliza yule mchungaji Mzungu? Siku ile alihubiri juu ya kanisa la Ujerumani, jinsi Mafashisti walivyowachukua Wayahudi, jirani baada ya jirani, na Wakristo wakaendelea kuimba. "Dhambi yao ilikuwa kunyamaza," alisema. Ulirudi umeinamisha kichwa, nikakutania kwamba Wajerumani wamekunyima hata hamu ya irio zangu. Hukucheka. "Hiyo dhambi inaweza kutupata hata sisi, Mama Wanjiru."

Kisha serikali ya Wazungu ikatangaza hali ya hatari. Askari wakawafunga wafanyakazi kamba mbele ya kanisa letu, na wewe, mzee wa kanisa, ukawekewa kiti mlangoni uonyeshe nani amekula kiapo cha kupigana na Wazungu. Ulikuwa unawajua. Mchungaji akakukumbusha Ujerumani, kwamba kunyamaza ni dhambi. Nilisimama karibu, nikasikia jibu lako: "Huko walinyamaza mbele ya wenye nguvu, Bwana. Wewe unataka niwauzie wenye nguvu hawa waliofungwa kamba."

Nilijivunia jibu hilo. Wakakupandisha lori.

Wewe ulienda na neno lako zuri. Mimi nilibaki na Kamau.

Ndiyo, Kamau, mmoja wa wale waliofungwa kamba, uliyekataa kumtaja wakamwachilia. Baadaye aliichoma nyumba ya homgadi mmoja, mlinzi wa serikali, kule Murera, na ndani alikuwa binti yake Nyambura, yule mtoto uliyembeba siku ya ubatizo akakuvuta ndevu. Kamau mwenyewe aliniambia, tukichuma kahawa. "Ngai, sikujua mtoto ako ndani." Tangu hapo hunibebea debe langu mpaka kwenye mizani, nami namwacha abebe. Kifo cha Nyambura ni cha nani? Cha Kamau? Chako? Cha hao waliotuletea kamba? Nakuuliza kila siku, na najiogopa ninapoona nakukasirikia wewe kuliko yeye.

Kesho nitakalia kiti kile mimi. Mchungaji ameniita. Askari wanataka majina yote, na wengine sitawataja, wanipige wakitaka. Lakini kwa Nyambura siwezi kunyamaza. Najua wakimpata Kamau watamnyonga. Jana nilimwambia usoni, "Kesho nitakutaja." Aliliweka debe chini, akanitazama sana.

"Basi nitakuja mwenyewe," akasema.

Anaweza kutoroka. Sijamzuia, na sijui ninaomba afanye nini.

Asipokuja, nitalitamka jina lake pale mlangoni, mahali ulipofunga kinywa chako ukafa kwa ajili yake. Kwaheri, mpenzi wangu.

Mkeo, kama bado utanitaka