Simu Kwenye Debe la Mpunga

Jumapili, 10 Machi 2024

Misa ya kwanza. Padri kahubiri kusamehe. Niliangalia dari.

Jana nimemkatia Scola simu. Niandike ilivyokuwa, maana humu ndani hakuna wa kumsimulia. Huyo binti yangu kajifungua Ijumaa, huko kwa mumewe Lindi. Mtoto wa kike, wote wazima. Nilifurahi hadi nikasimama! Nikamwambia, basi Theopista amerudi. Akasema, baba, jina ukweni wameshatoa.

Wameshatoa! Mama yake hajamaliza miaka miwili kaburini. Kwetu mjukuu wa kwanza wa kike anabeba jina la bibi yake aliyetangulia, hilo halina kikao. Nikamwambia kama si Theopista simjui huyo mtoto. Na asinipigie tena mpaka nitakapopiga mimi. Nikakata.

Jioni akatuma sauti kwenye Wasapu. Dakika nne na sekunde kumi. Sijaifungua. Angoje kidogo, mimi ndiye mzazi.

Jumatatu, 11 Machi 2024

Mvua ilinikuta na baiskeli katikati ya barabara, nikitoka shamba kule Ilembo. Hakuna pa kujificha. Simu mfuko wa shati. Nimefika nyumbani chapachapa.

Simu ilikuwa inawaka bado. Asilimia sita. Nikachomeka chaja — haipokei chaji. Nikatoa, nikachomeka tena — wapi!

Asilimia sita zingetosha kusikiliza dakika nne. Nililiwaza hilo, nikiwa nimeishika mkononi. Nikasema hapana, kesho, hasira haijaisha. Nikaenda kubadilisha nguo. Niliporudi ilikuwa imezima.

Jumanne, 12 Machi 2024

Nimeanza kwa utaratibu, kama tulivyokuwa tukikagua shamba lenye ugonjwa. Kwanza umeme: upo, taa inawaka. Pili soketi: ya sebuleni, ya chumbani, hakuna kitu. Tatu chaja: nimeipeleka kwa jirani yangu Nyanzala, yule mama Msukuma anayeuza maziwa. Simu yake imepokea chaji kwa chaja yangu. Chaja nzima. Ugonjwa uko kwenye simu.

Nyanzala akasema, baba Scola, ifukie kwenye mchele, utanyonya maji yote. Mchele sina. Tangu mke wangu afariki sipiki wali, wali wa mtu mmoja unaungua tu. Ila ninalo debe la mpunga wa Usevya, nimeuanika mwenyewe hadi ukawa unalia ukitikiswa. Mpunga uliokauka nao unavuta unyevu. Nimekuwa bwana shamba miaka thelathini na moja, nimewafundisha Wapimbwe kukausha mpunga wao wenyewe. Nani anibishie? Nimeifukia, tundu la chaji chini ili maji yashuke.

Jumatano, 13 Machi 2024

Bado imo kwenye debe. Mvua tena. Hakuna aliyebisha hodi leo.

Alhamisi, 14 Machi 2024

Nimeitoa. Kavu kabisa! Nikachomeka kwa furaha — waya ukaishia nusu. Hauingii. Nikasukuma. Ukagoma. Nikasukuma kwa nguvu, kitu kikalia ndani, kah! Chaji haipokei, na sasa waya wenyewe unacheza.

Nyanzala kaniazima kitochi, kile kisimu kidogo cha vitufe. Nikaweka laini yangu humo, nikatafuta majina. Sifuri! Yote nilisevu kwenye simu, si kwenye laini. Namba ya Scola, ya mkwe, za ndugu zangu, zote zimelala humo ndani. Ya Scola najua inaishia na 47. Enzi zangu nilikuwa na namba za ofisi za kata zote kichwani. Ya mwanangu sijui, maana nilizoea kubonyeza picha yake.

Nyanzala akashangaa ninahangaika nini. Si atapiga mwenyewe, akasema, laini yako si iko hewani? Mtoto hamnunii baba yake. Nikamwambia ni kweli. Sikumwambia kwamba nilimkataza.

Ijumaa, 15 Machi 2024

Kitochi kimekaa mezani mbele yangu tangu asubuhi. Kimeita mara moja! Nilitoka bafuni mbio na povu kichwani, nusura nianguke. Ilikuwa sauti ya kurekodiwa, inaniuliza kama ninataka kuweka wimbo wa kupendeza kwa wanaonipigia.

Wanaonipigia!

Njia ya Msalaba nimekwenda nacho mfukoni, kikiwa na sauti. Watu wangenisema, wangesema tu. Hakikuita.

Nimelea mtoto mtiifu. Nilimwambia asipige, hapigi. Ndivyo mama yake alivyomfundisha, baba akisema amesema. Leo ningependa awe na kiburi kama changu, hata kidogo.

Nina upweke. Sijawahi kuliandika neno hilo. Nilidhani ni la wagonjwa.

Jumamosi, 16 Machi 2024

Niko Shanwe kwa fundi simu, Libérat. Nimekaa kibandani mwake, daftari gotini. Jamaa ni wa Mishamo, kwenye makazi ya waliotoka Burundi. Baba yake nilimfundisha nafasi za kupanda mahindi, na huyu mwanae amenikumbuka. Kanipa kiti kizuri zaidi, chenye mgongo.

Alichungulia tundu la chaji kwa kioo chake cha kukuzia, akachungulia tena.

"Mzee wangu, humu umelima?"

Kwa kijisindano akavuta kapi. Kapi la mpunga, limekunjwa na kushindiliwa mpaka mwisho. Akavuta la pili. Na vumbi la kutosha kuotesha mche! Nikamweleza habari ya debe. Hakucheka, ila mdomo aliubana.

"Wanasema mchele kwa sababu umekobolewa, mzee. Mpunga una makapi. Yalipoingia, wewe ukayashindilia kwa waya."

"Nilikuwa bwana shamba," nikamwambia.

"Najua, mzee."

Maji yenyewe, anasema, yangekauka yenyewe kwa siku mbili. Kilichozuia chaji siku zote hizi ni mimi. Akasafisha kwa spiriti na mswaki mkuukuu, pini zilikuwa zimeanza kushika kutu. Akachomeka. Tukangoja. Betri ilikuwa tupu kabisa, akasema isiguswe mpaka ifike ishirini.

Imewaka ikiwa na mbili. Sikungoja, nikarudisha laini yangu humo.

Ujumbe ukamiminika. Kundi la jumuiya, sitini na moja. Kundi la wastaafu, mtu anauza pikipiki. Nikatafuta picha ya Scola. Ipo. Nikabonyeza. Pale palipokuwa na ile sauti ya dakika nne pameandikwa: Ujumbe huu umefutwa.

Nikamwonyesha Libérat. Nikamuuliza kama inaweza kurudishwa. Akasogeza kioo chake pembeni, akasoma.

"Aliyetuma ndiye aliyefuta, mzee. Hapo fundi hana la kufanya."

Alifuta lini? Baada ya kuona siku nzima sijaisikiliza? Jumatatu nilikuwa na asilimia sita na masikio mawili mazima. Huenda alinitajia jina. Huenda mtoto alilia humo ndani, nami ningemsikia. Huenda aliniomba msamaha, au alinitukana, na hilo pia ningelipokea leo. Sijui hata mjukuu wangu anaitwaje. Nimeandika hapa kwamba simjui. Basi ndivyo ilivyo, simjui.

Libérat kajifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Asilimia tatu. Sasa chini ya jina la Scola pametokea: mtandaoni. Ameniona niko hewani! Sasa: anaandika.

Ameacha.

Nimemuuliza Libérat nikipiga itakuwaje. Anasema, mzee, ukipiga sasa inaweza kuzima katikati ya maneno, bora ungoje. Nimemwambia nimeshangoja.

Anaandika tena. Ameacha. Anaandika. Ananiogopa, mwanangu. Mimi ndiye niliyesema mpaka nitakapopiga mimi, na kidole kiko hapa juu ya alama ya simu, na sijui nianze na pole au na hongera.

Ameacha.