Nani Anapimiwa Nafasi Uani Kwangu?

Jumapili, Lewisham. Manyunyu tangu alfajiri, na mie roho haijatulia.

Mwanangu Salim ananificha jambo.

Karudi wiki iliyopita kutoka Greenland. Tulipohama Denmark kuja huku yeye alibaki, akaingia jeshini, wakampeleka kikosi kinacholinda kule kaskazini kabisa kwa sleji, mikokoteni ya thelujini inayovutwa na mbwa. Wanajeshi wawili na mbwa wao, miezi bila kuona mtu. Kila sala nilimuombea. Sasa kamaliza, anasema harudi tena, atakaa na mie.

Lakini haeleweki. Simu ikilia anatoka uani, anaongea Kidenishi kwa sauti ya chini, jitu zima linabembeleza! Juzi nimemkuta anapima kwa kamba nyuma ya banda la baiskeli. Eti anapenda bustani. Salim huyu, asiyejua mchicha na magugu!

Jana kaniuliza kama naweza kumpokea mgeni asiyejua mambo ya udhu na tohara. Nikajua: mwanamke. Labda na mtoto juu.

Leo baada ya adhuhuri nimemweka kitako.

"Nani huyo, Salim?"

Akainamisha kichwa. "Mbwa, Mama. Ndiye aliyekuwa akiongoza wenzake kwenye sleji yangu. Kazeeka. Kila siku nawabembeleza kikosini wangoje; asipopata wa kumchukua, watampiga risasi."

Lo! Mbwa! Nyumba ninamosali! Nikamwambia hata mlangoni simtaki.

Hakubishana. "Basi nitarudi Denmark nikae naye huko. Siku barafu ilipopasuka nikatumbukia, yeye ndiye aliyenilalia kifuani mpaka nikapata joto."

Hilo sikuwahi kulisikia. Kwenye simu ilikuwa kila mara, "Mzima, Mama." Mangapi mengine kanificha? Nimekasirika, tena nimelia jikoni kama mtoto.

Sasa yuko chumbani anapanga nguo, nasikia zipu ya begi.

Hukumu ya mate ya mbwa naijua: kuosha mara saba, moja kwa udongo. Maji ninayo. Udongo umejaa uani. Majirani watasema, na dada yangu wa Kingsbury ndiyo hatokanyaga tena hapa.

Lakini aliyemkumbatia mwanangu kwenye barafu, mie mama yake sipo, leo nimfungie mlango?